Kitochi cha laini mbili, kwa sisi tunaoitwa usiku

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Ujiji. Mtu akichanganyikiwa usiku, nataka ndugu zake wanipigie kabla hawajatafuta kamba ya kumfunga. Simu janja yangu ilikuwa inazima mapema. Kitochi hiki kinakaa na chaji siku kadhaa, umeme ukatike usikatike. Tochi ni kali, vichochoroni inafaa sana. Ila usimmulike mgonjwa usoni: elekeza chini, kaa pembeni, ongea taratibu, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kinachokera ni spika, siri ya mgonjwa inasikika hadi barazani kwa jirani! Namba ya bodaboda wa kutupeleka hospitali ya Maweni nimeiweka kwenye kitufe cha 2. Kikiharibika nanunua kilekile.