Ufadhili wa chuo kikuu kwa watoto wa maskini Uganda: upi unamfikisha mwanafunzi mwisho?

Kigezo ninachotumia kupima ufadhili wa masomo ya chuo kikuu ni kimoja: je, kijana ambaye nyumbani kwao hakuna mtu wa kumtumia hata shilingi moja anaweza kuutegemea ufadhili huo peke yake, akala, akalala mahali salama, akaingia katika chumba cha mtihani na kumaliza shahada yake? Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya wilaya ya Isingiro, na wanafunzi wangu wengi hutoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi zilizotoka Kongo. Kila mara Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, mimi na walimu wenzangu huketi na vijana hao kujaza fomu za maombi, kisha tukafuatilia hali ya wale waliobahatika. Ninayoyaandika hapa yametokana na kazi hiyo.

Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wafadhili wenyewe, hudhani kwamba gharama ya chuo kikuu ni ada ya masomo tu. Ukweli ni kwamba chuo cha umma hapa nchini hudai pia malipo ya usajili, ya mitihani, ya maktaba na mengine yanayolipwa kando na ada hiyo, na mwanafunzi ambaye hajayakamilisha anaweza kuzuiwa kufanya mtihani hata kama ada yenyewe imelipwa yote. Kitanda katika hosteli ya Kikoni au Wandegeya, mitaa ya Kampala iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, hulipiwa kwa muhula, na kwa kawaida mwenye hosteli hataki ahadi, anataka fedha. Chakula, nauli, kunakili vitabu, kompyuta ya kuandikia kazi: hayo yote humsubiri kijana aliyetoka Isingiro akiwa na begi moja. Tena ada hazikai mahali pamoja. Oktoba 2019 wanafunzi wa Makerere, wasichana wakiwa mstari wa mbele, waliandamana kupinga mpango wa kupandisha ada kwa asilimia 15 kila mwaka, na askari wakaingia mpaka katika mabweni yao. Kwa hiyo ufadhili uliopangiwa kiasi maalumu cha fedha, bila kutazama ada inakwenda wapi, unaweza kumtosha mwanafunzi katika mwaka wa kwanza na kumwachia deni katika mwaka wa tatu.

Kwa kigezo hicho, huduma ninayoiweka juu ya zote ni programu ya ufadhili ya Mastercard Foundation katika Chuo Kikuu cha Makerere. Shirika hili, ambalo makao yake makuu yako Toronto nchini Kanada, liliundwa mwaka 2006 kwa mali iliyotolewa na kampuni ya Mastercard, lakini lina bodi yake na linajiendesha mbali na kampuni hiyo. Programu ya ufadhili ilizinduliwa mwaka 2012, na Makerere kilijiunga nayo mwaka uliofuata, kikiwa na lengo la kusomesha vijana wapatao 1,000, wengi wao wasichana. Hulipa ada ya masomo na yale malipo ya kando niliyoyataja, na zaidi ya hapo humpatia mwanafunzi malazi, chakula, vifaa vya masomo na fedha za kujikimu. Mwanafunzi wa programu hii halazimiki kuchagua kati ya kununua chakula cha jioni na kunakili kitabu. Wapo pia watu walioajiriwa kumsikiliza, kumshauri na kumwandalia mafunzo ya uongozi na ya kazi, jambo ambalo wengi hulipuuza mpaka wanapomwona kijana mwerevu akikata tamaa katika muhula wa kwanza kwa sababu hakuna anayemfahamu katika mji mzima wa Kampala.

Ninachokithamini zaidi katika programu hiyo ni namna inavyothibitisha umaskini wa mwombaji. Hawaishii kwenye karatasi. Baada ya kuchambua fomu na kuwasaili waombaji, wahusika hufunga safari hadi nyumbani kwa mwombaji, wakaona nyumba, wakazungumza na mlezi na majirani. Ziara hiyo ina gharama, lakini ndiyo inayomlinda mtoto wa maskini dhidi ya mtoto wa mkubwa mwenye barua nzuri. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ni rahisi kuipata. Muhuri ni ule ule kwa mwenye ng'ombe hamsini na kwa asiye na kuku. Nyumba haidanganyi kwa urahisi hivyo. Nilimsikia mama mmoja wa Nakivale akimwambia mwalimu mwenzangu, "Mwalimu, mimi sijui Kiingereza, lakini wakija hapa wataona wenyewe." Mama huyo alikuwa na haki ya kuamini kwamba hali yake ingeeleweka bila yeye kutafuta mtu wa kumwandikia maneno matamu, na mfumo wa uchaguzi unaompa mtu kama yeye imani hiyo unastahili kusifiwa.

Hata hivyo, programu hii ina mapungufu ambayo mzazi anapaswa kuyafahamu kabla ya kuweka matumaini yake yote hapo. Nafasi ni chache mno zikilinganishwa na waombaji, na kijana aliyekosa anaweza kubaki bila kujua alikosea wapi au angeweza kuboresha nini. Fomu yenyewe ni ndefu, imeandikwa kwa Kiingereza, na inadai insha ambazo mwanafunzi wa shule ya mjini hufundishwa kuziandika, ilhali wa kijijini hukutana nazo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Siku hizi wakimbizi, wasichana na vijana wenye ulemavu wanapewa kipaumbele, na hilo ni jema sana. Lakini kipaumbele kisichoandamana na maelezo kwa lugha ambazo watu hao wanazielewa huwafikia kwanza wale waliokwisha kupiga hatua. Ningependa kuona tangazo la Kiswahili likisomwa redioni na kubandikwa katika vituo vya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, kwa sababu huko ndiko wasomaji wa Kiswahili walipo.

Kwa mkimbizi, huduma ya pili ninayoipendekeza ni ufadhili wa DAFI, unaosimamiwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, tangu mwaka 1992 kwa fedha zinazotoka hasa serikali ya Ujerumani, na ambao hapa Uganda umekuwa ukiendeshwa kwa ushirikiano na shirika la Windle International Uganda. Nao hautazami ada peke yake. Huhusisha chakula, malazi, nauli na vifaa vya masomo. Ubora wake mkubwa ni kwamba waendeshaji wake wanayajua maisha ya makazi ya wakimbizi, hivyo mwombaji halazimiki kueleza upya kwa nini baba yake hana hati ya ardhi. UNHCR imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi duniani wawe katika elimu ya juu, na Uganda, inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, ni mahali ambapo lengo hilo litafaulu au litashindwa.

Kasoro ya DAFI inayoniumiza ni ukomo wa umri, ambao kwa kawaida ni miaka 28 wakati wa kuanza masomo. Kijana aliyekimbia vita Kivu akiwa darasa la tano, akakaa miaka kadhaa bila shule, akaanza tena kwa Kiingereza baada ya kusoma kwa Kifaransa, anaweza kufika kidato cha sita akiwa na miaka 25 au zaidi bila uzembe wowote kwa upande wake. Kumpima kwa umri ule ule wa mtu ambaye masomo yake hayakukatizwa ni kumwadhibu kwa sababu ya vita. Kuna pia suala la vyeti. Aliyemaliza sekondari Kongo na kuwa na diploma ya serikali ya kule hawezi kuomba nafasi katika chuo cha Uganda mpaka UNEB ilinganishe cheti chake na vya hapa, na kazi hiyo ina malipo na inataka nyaraka halisi. Mtu aliyevuka mpaka usiku huenda hana hata picha ya cheti hicho. Mfadhili yeyote anayetaka kuwasaidia wakimbizi kwa dhati angeanza kwa kulipia ulinganishaji huo, kabla hata ya kuzungumzia ada, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama bila jina lao kuonekana katika orodha yoyote ya waliokataliwa.

Kuhusu fedha za umma nitasema kwa ufupi, kwa kuwa si sadaka, lakini mzazi hawezi kuzipuuza. Serikali ya Uganda hugharimia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vya umma, na sehemu kubwa ya nafasi hizo hutolewa kwa alama za juu kabisa, ambazo aghalabu hupatikana katika shule za gharama kubwa. Nafasi zilizotengwa kwa ajili ya wilaya tangu mwaka 2005 zimesaidia kupunguza pengo hilo, ingawa hazijaliziba. Mkopo wa Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, ni mzuri kwa Mganda mwenye jamaa wa kumlisha na kumpa mahali pa kulala mjini, kwa sababu unalipa ada na malipo ya chuo ila si chakula wala malazi. Kwa yatima wa Karamoja asiye na ndugu Kampala, mkopo huo peke yake hautoshi. Ufadhili wa taasisi ya Madhvani, familia ya wafanyabiashara, nao, ambao umewasaidia Waganda wengi hasa katika masomo ya sayansi na ufundi, unamfaa zaidi aliyekwisha kupata chuo na ambaye tatizo lake ni ada kuliko tumbo.

Baada ya hizo yako mashirika madogo mengi, ya dini, ya familia na ya watu binafsi walioguswa, na huko ndiko uangalifu unapohitajika zaidi. Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha alipata ufadhili wa shirika ambalo sitalitaja. Liliahidi ada, likailipa, lakini kila muhula fedha ziliwasili wakati mitihani imeshaanza, na kila muhula alilazimika kuomba huruma ya ofisi ya fedha ili aruhusiwe kufanya mtihani. Karatasi moja aliikosa na akairudia mwaka uliofuata. Tena shirika hilo lilimtaka apigwe picha mbele ya nyumba yao iliyobomoka kwa ajili ya wachangiaji. Mtoto wa maskini ana haki ya kusaidiwa bila umaskini wake kutembezwa, na mimi huwaomba waombaji wasome masharti ya picha kwa makini kama wanavyosoma masharti ya fedha. Wako vilevile watu wanaouza fomu za ufadhili, wakidai walipwe kwa mobile money ili jina la mtoto "lipelekwe juu". Programu nilizozisifu hazitozi malipo ya maombi, kwa hiyo anayedai fedha kwa niaba yao ni tapeli na anapaswa kuripotiwa polisi.

Kwa kijana anayesubiri matokeo sasa, ninashauri aombe zaidi ya ufadhili mmoja, Mganda akianza na ule wa Makerere na mkimbizi akiongeza DAFI, kisha ahakikishe nyaraka zake kabla tangazo halijatoka. Jina lililoandikwa katika cheti cha darasa la saba, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na katika kitambulisho cha taifa au hati ya familia ya mkimbizi inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu lazima liwe moja, herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule. Mukendi wa cheti kimoja na Mkendi wa kingine ni watu wawili machoni pa msahihishaji wa fomu, na kurekebisha tofauti hiyo kunahitaji hati ya kiapo na kungoja katika ofisi zenye foleni ndefu, ilhali maombi hupokelewa kwa wiki chache tu.