Tovuti za takwimu za hoki: mimi naanzia hapa

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nachambua tovuti za takwimu za kina za hoki ya barafuni, ligi ya NHL ya Marekani na Kanada, na naanza na ile ninayoifungua kabla ya zote: Natural Stat Trick.

Sura yake haivutii, nawaambia mapema. Ni majedwali matupu. Lakini tazameni hapa juu, pale pa kuchagua hali ya mchezo. Mimi naweka 5 kwa 5, yaani dakika ambazo timu zote mbili zimekamilika, hakuna aliyetolewa kwa adhabu. Halafu nachagua hesabu iliyorekebishwa kulingana na matokeo, maana timu inayoongoza hurudi nyuma kulinda, na iliyofungwa huanza kupiga kutoka kila kona. Ukiruka hatua hii, timu iliyokuwa inakimbizana na matokeo itaonekana ndiyo iliyotawala.

Sasa safu ya CF%. Hiyo ndiyo Corsi, jina lililotokana na Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres. Inahesabu kila shuti: lililolenga goli, lililotoka nje, hata lililozuiwa na beki. Ukiona 60, basi katika kila mashuti 10, timu yako imepiga 6. Fenwick ni hiyo hiyo, toa yaliyozuiwa.

Msimu wa 2011-12, Minnesota Wild walifika kileleni mwa ligi nzima mwezi Desemba huku wakizidiwa mashuti. Mtoano hawakuuona. Msimu huo huo Los Angeles Kings waliingia mtoano wakiwa wa 8 upande wa Magharibi, lakini kwa mashuti walikuwa miongoni mwa timu bora. Wakabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL! Tangu nilipoelewa hilo, siangalii tena msimamo wa ligi peke yake.

Tuhamie MoneyPuck. Hapa utapata xG, yaani magoli yanayotarajiwa, na ndipo ninapopima makipa: kila shuti linapewa uzito kwa umbali, pembe na aina yake, kisha unaona kipa ameokoa magoli mangapi kuliko ilivyotarajiwa. Data zake tangu msimu wa 2007-08 unazipakua bure, jambo ninalolishukuru sana. Kasoro moja inaniuma: hesabu hii haijui mabeki walisimama wapi, wala haioni pasi iliyomvuta kipa upande wa pili kabla ya shuti. Kwa hiyo goli tamu la kugongeana linaweza kuonekana la bahati tu.

NHL EDGE ya ligi yenyewe inapendeza kwa kasi za wachezaji na mashuti, basi. Evolving-Hockey ni ya kulipia. Kwa anayefuatilia makadirio ya mikataba, inafaa.

Fungueni mechi ya mwisho ya timu yenu, wekeni 5 kwa 5, mniandikie hapo chini safu ya CF% inasemaje.