Fulana ya Ndani ya Hoki ya Barafu: Usiulize Baridi, Uliza Makali

Hamjambo watazamaji wangu, ssebo na nnyabo, karibuni tena. Leo nimeweka meza nje, hapa nyuma ya nyumba Ntinda, Kampala, kwa sababu nataka mwanga wa kutosha. Mezani kuna fulana tatu za ndani, suruali moja ya kubana, jozi mbili za soksi, mhogo mmoja mnene ambao hatuutumii kwa chakula, na kiatu cha barafu. Nianze na kiatu.

Sogeza kamera hapa. Zaidi. Mnauona huu ukingo wa chuma? Una unene wa kama milimita 3. Wengi hudhani ni ukali mmoja kama wa kisu cha jikoni. Sivyo. Ukiutazama kwa mbele utaona katikati umechongwa mfereji mdogo, kwa hiyo kila kiatu kina makali mawili, la ndani na la nje. Mchezaji mmoja anaingia uwanjani na makali manne. Timu mbili zikijaa, na makipa wao, mko 12. Hesabu mwenyewe: makali 48, yote yanakwenda mbio, na watu wanaanguka.

Hilo ndilo ninalotaka likae kichwani tunapozungumza nguo. Maana swali ninaloletewa kila wiki ni moja: "Kaka, nikienda Nairobi kucheza kwenye barafu, nivae fulana gani nisisikie baridi?" Naelewa linatoka wapi. Sisi wa Kampala tumezoea kucheza kwa viatu vya magurudumu, Jumapili asubuhi, kwenye lami, jua linachoma. Mtu akisikia barafu anawaza baridi. Lakini mtu aliyekwisha kucheza atakwambia: ukikimbia zamu mbili tatu umeshalowa jasho. Baridi si tatizo kubwa. Kilichobadilika ukitoka kwenye lami ni kwamba kwenye magurudumu ukianguka unachubuka, kwenye barafu unaweza kukatwa. Na nguo tuliyozoea haikutengenezwa kwa kukatwa.

Niwaeleze yaliyonipata. Tulipanda basi la usiku kwenda Nairobi, tukafika asubuhi, mchana tukaingia kwenye ule uwanja wa Panari, Mombasa Road, uliofunguliwa mwaka 2005, ambako wenzetu wa timu ya Kenya Ice Lions wamejifunzia. Nilivaa glavu nzuri, helmeti nzuri, kinga za viwiko. Ndani nilivaa fulana ya kubana ya mikono mirefu. Nikagombea paki, kile kisahani cha mpira tunachokipigania, kwenye kona, tukaanguka watatu. Nilipoinuka niliona glavu ina damu, na sikusikia maumivu. Fulana ilikuwa imepanda juu nilipounyoosha mkono, ikaacha nafasi ya vidole viwili kati ya glavu na kinga ya kiwiko. Kisu cha kiatu kikapita hapo hapo. Mnaona huu mstari? Nyuzi sita. Daktari aliniambia ungeingia ndani kidogo tu ungegusa kano za vidole. Aliyenikata ni mwenzangu wa timu moja, na hadi leo akiniona anautazama mkono kwanza. Hakukosea kitu, alianguka tu.

Tangu siku hiyo fulana ya ndani kwangu ni sehemu ya kinga, sawa na helmeti.

Na mambo haya si ya wanaojifunza peke yao. Tarehe 28 Oktoba 2023, huko Sheffield, Uingereza, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingoni na kiatu katikati ya mechi, akafariki. Alikuwa na miaka 29. Mechi ya wakubwa, mashabiki maelfu, waganga wako pale pale. Mwezi Desemba mwaka huo shirikisho la dunia, IIHF, likaamua kinga ya shingo iwe ya lazima kwenye mashindano yake yote. Marekani nao, kuanzia Agosti 2024, chama chao cha USA Hockey kikailazimisha kwa wachezaji wa chini ya miaka 18. Na hatari yenyewe ilikuwa inajulikana zamani. Clint Malarchuk, kipa, alikatwa shingo mjini Buffalo mwaka 1989, akaokolewa. Mwaka 2008, mji huo huo, Richard Zednik naye, na kiatu kilikuwa cha mwenzake wa timu. Miaka 34 ilipita kati ya Malarchuk na Johnson. Mimi hilo linaniuma, nasema kweli.

Kwa hiyo sehemu zangu ni tatu: shingo, kifundo cha mkono, na nyuma ya mguu juu ya kisigino, pale penye kano kubwa. Evander Kane, mchezaji wa NHL, ile ligi kubwa ya Marekani na Kanada, alikatwa kifundo cha mkono Novemba 2022, akakaa nje hadi Januari. Erik Karlsson wa ligi hiyo hiyo alikatwa kano ya kisigino Februari 2013, naye alikuwa miongoni mwa mabeki bora duniani. Ni sehemu ambazo mshipa au kano iko karibu na ngozi, na ndizo ambazo vifaa vigumu havizifuniki, kwa sababu lazima zikunjike. Kitambaa ndicho kinachobaki.

Sasa fulana.

Hii ya kwanza ni ya pamba, niipitie haraka. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo. Ukikaa benchi dakika tano inakuwa kama kitambaa kibichi mgongoni, hapo ndipo baridi inakupata kweli, na kwapani inakuchubua. Vaa nyumbani.

Hii ya pili, nyeusi, niliipata soko la Owino kwenye mivumba, yaani mitumba, shilingi 12,000. Poliesta na spandeksi. Inabana vizuri, inakauka upesi, mshono wake ni bapa. Fulana nzuri, naivaa kwenye magurudumu hata leo. Ndiyo niliyovaa siku ile, aina hii hii. Muuzaji aliniambia ni "ya kinga", na nadhani naye aliamini, kwa sababu imechapwa michoro ya misuli na inaonekana ya kivita. Tazameni.

Namvisha mhogo. Nimeukaza mkono wa fulana juu ya mhogo, hivi, kama ngozi ilivyo ndani ya nguo. Sasa nachukua kiatu, siweki nguvu nyingi, navuta kisu mara moja. Mmesikia? Hakuna hata sauti. Kitambaa kimefunguka, na mhogo una mfereji unaoingia ukucha mzima. Karibu, kamera. Hiyo ni mara moja.

Hii ya tatu, ya kijivu, niliagiza kupitia ndugu yangu aliyeko Kanada, ikanigharimu karibu laki tatu na nusu. Inabana kama ile, ila shikeni hapa shingoni na hapa mikononi: kitambaa kimebadilika. Ni kinene, kina ugumu kidogo, na ukikitazama kwa ndani nyuzi zina rangi ya manjano kama majani makavu. Hizo ni nyuzi za aramidi, familia ya Kevlar, zile zile za fulana za kuzuia risasi. Nyingine hutumia Dyneema, ambazo ni nyeupe na nyepesi zaidi. Nimeandaa kipande cha fulana kama hii iliyochakaa. Namvisha mhogo upande wa pili. Navuta. Tena. Mara ya tatu na nguvu zaidi. Kitambaa kimetoa manyoya, uzi mmoja mmoja umekatika, nikifunua... mhogo una alama ya kubonyea. Haujafunguka.

Tafadhali msichukue mhogo wangu kama kipimo cha maabara. Kipimo chenyewe kipo, na ndicho mnachopaswa kutafuta kwenye lebo. Cha Marekani, ANSI, kinakwenda kutoka A1 hadi A9, na namba hizo ni uzito unaohitajika kuulemea wembe hadi ukate kitambaa. A1 ni gramu 200. A4 ni gramu 1,500. A5 ni 2,200. Cha Ulaya hutumia herufi, A hadi F, F ndiyo kali. Msichanganye: A peke yake ya Ulaya ni ngazi ya chini kabisa, nimeona mtu akijisifia nayo. Kwa kinga za shingo Kanada wana alama yao, BNQ, na vijana wao hawachezi bila hiyo. Mimi shingoni na mikononi sishuki chini ya A4, na nikipata A5 nachukua A5.

Na lebo ikisoma "inastahimili makali", usiisome kama "haikatiki". Gramu 2,200 ni kilo mbili na kidogo, na mtu anayekuangukia ana kilo 70. Nguo inakununulia nafasi: jeraha lililokuwa liingie ndani linabaki juu, au halitokei.

Jambo la pili kwenye lebo, ambalo wauzaji wa mitandaoni hulipita kimya, ni kinga imeshonwa wapi. Fulana hii ya kijivu, kifuani na mgongoni ni poliesta ya kawaida tu. Haina neno, kifua kina kinga yake ngumu. Lakini nimeona fulana iliyoandikwa kinga kwa herufi kubwa, na kitambaa chenyewe kilikuwa ukosi mwembamba wa vidole vitatu. Pindua nguo ndani nje. Fuata kitambaa cha kinga kwa kidole. Shingoni kianze chini ya kidevu kishuke hadi kwenye mifupa ya mtulinga, bila mwanya mbele wala pembeni. Mkononi kiwe na urefu wa kutosha, angalau robo tatu ya kiganja kuelekea kiwikoni, na hapa kwenye hii kuna tundu la kidole gumba. Mnaliona? Hili tundu ndilo lingeninusuru mimi. Nikiunyoosha mkono hivi, fulana haipandi.

Ukiivaa kwa kujaribu, usisimame mbele ya kioo kama unakwenda harusini. Vaa na helmeti, funga kamba ya kidevu. Inua mikono juu, halafu chuchumaa, halafu tazama juu kama unatafuta paki hewani. Ukosi ukishuka, fulana ni kubwa. Ukisikia unakabwa unapomeza mate, ni ndogo, na najua utafanya nini: utaukunja ukosi chini baada ya dakika kumi. Ukosi uliokunjwa ni sawa na hakuna. Kitambaa kilichovutwa sana pia hukatika kwa urahisi zaidi. Ibane bila kunyonga.

Suruali sitaikawiza. Hii ina mfuko wa kuweka kikombe cha kinga kwa wanaume, kuna za akina dada zenye kinga yao, na velkro mbele na nyuma za kushikia soksi ndefu. Ni raha, lakini ukikosa hela unaweza kuendelea na suruali ya mivumba. Soksi, hapana. Soksi za kinga ziwe ndefu hadi chini ya goti, na kitambaa chenyewe kizunguke nyuma juu ya kisigino. Ukuta wa nyuma wa kiatu haufuniki kano yote.

Makipa, hii fulana haitoshi kwenu. Kitambaa kinazuia makali, hakizuii pigo. Paki ni kisahani cha mpira mgumu cha gramu kama 160, ikikupiga kooni kitambaa hakitafanya kitu. Ongezeni ile ngao ya plastiki inayoning'inia chini ya helmeti.

Mwenye hela kidogo ananiuliza aanzie wapi. Kinga ya shingo inayovaliwa peke yake, bila fulana, ni nafuu kuliko fulana nzima. Nunua hiyo kwanza. Halafu mikono ya kinga, ile inayovaliwa kama soksi ya mkono. Halafu soksi. Fulana ya poliesta ya Owino inabaki ndani ya hivyo vyote, kazi yake ni jasho, na kazi hiyo inaiweza. Ila msipeleke kitambaa cha kawaida cha madukani Kiyembe kwa fundi cherehani eti awashonee ukosi mnene. Nimeletewa mmoja, umeshonwa kwa upendo, tabaka nne za jinzi. Unene haukuzuia kisu, niliujaribu kwenye mhogo.

Kufua nako kunaua nguo hizi. Kamwe usitie JIK kwenye aramidi, dawa ya kung'arisha inakula nyuzi, na jua kali nalo linazidhoofisha. Usianike juu ya bati. Dyneema haitaki moto: inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 145, kwa hiyo pasi iwe mbali. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, usiku huo huo uliocheza, kwa sababu jasho likilala humo ngozi yako italipa kwa vipele. Anika kivulini penye upepo. Na ukiona manyoya na nyuzi zilizokatika mahali pamoja, kipande hicho kimeshafanya kazi yake, kibadilishe.

Ya kwangu ndiyo ile pale chini ya mwembe, inapepea. Ngoja niiwahi, mawingu yameshafunga upande wa ziwa.