Eti chanzo changu hakipo! Yaliyonikuta mkutubi nikihariri Wikipedia

Niseme mapema kabisa, naandika nikiwa na hasira. Anayetaka kujua namna ya kufungua akaunti au kitufe cha kuhariri kiko wapi, aende kwingine, maelezo hayo yamejaa tele. Mimi nimekuja na jambo moja tu: mtu nisiyemjua, aliyekaa sijui nchi gani, kuniambia mimi mkutubi kwamba kitabu nilichokishika mkononi hakithibitishiki.

Kwa wasiojua, kuna kampeni ya wakutubi inaitwa #1Lib1Ref. Ilianza Januari 2016, Wikipedia ilipokuwa inatimiza miaka 15, na wazo lenyewe ni jepesi: kila mkutubi aongeze rejeo moja tu kwenye makala isiyo na ushahidi. Siku hizi hufanyika mara mbili kwa mwaka, Januari 15 hadi Februari 5, halafu Mei 15 hadi Juni 5. Hulazimiki kuandika makala. Kuna kifaa kinaitwa Citation Hunt, ukikifungua kinakuletea sentensi ambayo mtu aliiandika bila kusema ameitoa wapi. Unajiuliza, hii ninayo rafuni? Kama huna, unabonyeza inakuja nyingine. Jioni ya kwanza nilikaa nacho baada ya kufunga kaunta mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha, "Mama, leo unalala humu?"

Nilinogewa, sikatai. Ni kazi ileile tuliyosomea, ya kumtafutia mtu jibu na kumwonyesha ukurasa. Tofauti ni kwamba kwenye kaunta unamjibu mwanafunzi mmoja, kesho anakuja mwingine na swali hilohilo unaanza upya. Huku ukijibu mara moja, limebaki.

Sasa tuje kwenye mkonge.

Kila aliyekulia upande wa Tanga au Korogwe anaijua kwa juu juu habari ya yule Mjerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Iliagizwa miche 1,000, mingi ikafa safarini, iliyofika hai ikawa 62. Kutokana na hiyo 62 ndiyo yakaja mashamba, reli, manamba, kila kitu. Nikaikuta habari hii kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kwenye ukurasa mmoja unaogusa mkonge, na pembeni yake kile kialama cha "inahitaji chanzo". Moyo ukaruka. Chanzo ninacho!

Ni kitabu cha kilimo cha enzi za Mwingereza, jalada la kitambaa kijani, mgongo umeshonwa upya na uzi mweupe na fundi wetu ambaye sasa amestaafu. Ndani kuna muhuri wa maktaba na ile kadi ya tarehe za kuazima, ambayo tangu mtu wa mwisho akiazime hata wino umeshageuka kahawia. Hakina ISBN, maana namba hizo zilianza kutumika mwaka 1970 na chenyewe kilikuwa kimeshachapishwa zamani. Kwa hiyo ile njia ya mkato, unaweka namba na rejeo linajijaza lenyewe, haikunifaa. Nikajaza kwa mkono: mwandishi, mchapishaji, mji, mwaka, ukurasa. Nikahakiki mara mbili. Nikahifadhi. Na kwa kuwa kitabu hicho kimesheheni, nikakitumia pia kwenye kurasa nyingine zinazogusa mkonge, kila mahali na ukurasa wake.

Chai haijapoa, yametenguliwa yote.

Sababu aliyoiandika yule mhariri ilikuwa fupi: chanzo hakionekani mtandaoni, hakithibitishiki. Jina lake analotumia silitaji, si lengo langu. Nikajikaza, nikarudisha, nikaeleza kwa adabu kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba mimi ni mkutubi, kitabu kiko mbele yangu, na ukurasa nimeutaja. Akatengua tena. Safari hii akaniuliza kama mimi ndiye mwandishi wa kitabu au ninakiuza, kwa nini nakisambaza kila mahali.

Jamani! Mwandishi wa kitabu hicho kafa mimi sijazaliwa. Nakiuza? Nakala yenyewe hairuhusiwi hata kutoka nje ya chumba cha kusomea!

Nilikasirika kiasi kwamba siku ile hata wasomaji walinisikia sauti yangu ilivyo. Kijana mmoja aliuliza tu gazeti la juzi liko wapi, nikamjibu kama nimekopwa. (Mdogo wangu, kama unasoma hapa, haikuwa wewe.) Unajua, ukiwa mkutubi umeshazoea kudharauliwa. Watu wanadhani kazi yetu ni kunyamazisha watoto na kupangusa vumbi. Lakini kudharauliwa katika jambo la vyanzo, jambo pekee ambalo hata adui yako anakukubali kwamba unalijua? Usiku ule niliandaa andiko hili likiwa na hukumu moja tu: wakutubi wenzangu, msipoteze bando lenu.

Kilichonizuia kurudisha mara nyingine ni kanuni yao. Ukitengua kazi ya wenzako, hata kwa kurudisha ya kwako tu, zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, unaweza kuzuiwa kuhariri. Na mimi kuzuiwa nilikuogopa kwa sababu moja ambayo nitaieleza chini. Basi badala ya kugombana nikafanya tunachokifanya tukibishiwa kazini, nikaenda kusoma sera yenyewe. Nikaisoma yote, neno kwa neno, kama mkataba wa nyumba.

Na kumbe! Sera yao ya uthibitishaji inasema wazi kwamba chanzo cha kuaminika kisikataliwe eti kwa sababu ni kigumu au ni ghali kukipata. Na inatoa mfano wa vyanzo vya karatasi vinavyopatikana maktaba tu. Maktaba! Imeandikwa! Wana hata mwongozo mwingine unaokataza kuwang'ata wageni, na mwingine wa kumdhania mwenzako nia njema mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo yule bwana (au bibi, sijui) hakuwa akilinda kanuni zozote. Alikuwa anazivunja, zote tatu kwa mpigo, akiwa amevaa sauti ya mwenye nyumba.

Nikaweka vifungu hivyo kwenye majadiliano, bila tusi hata moja, ingawa mate yalinijaa. Akaja mhariri mwingine kabisa, akasoma pande zote, akaniomba ninukuu sentensi yenyewe ya kitabuni ndani ya rejeo ili asiyekuwa nacho aione. Nikanukuu. Akarudisha kila kitu, akasema asante. Basi.

Hapo ndipo hukumu yangu ilipoanza kuyumba, na naomba mnivumilie. Kwa sababu nilifungua historia ya ukurasa ule nikaona kila kitu kimelala pale: nilichoandika, nani alikifuta, saa ngapi, kwa sababu gani, nani alikirudisha. Nitajieni ofisi gani mliyowahi kupeleka barua ikapotea, halafu mkaonyeshwa jina la aliyeipoteza na saa aliyoipotezea. Hakuna. Mimi nimefanya kazi na mafaili maisha yangu yote na sijawahi kuona faili lenye uwazi ule. Nilijikuta nausifu mfumo uliotoka kunitia presha.

Lakini hasira haijaisha, na sababu si majivuno. Fikirini vitabu gani viko mtandaoni na vipi haviko. Vya wasafiri wa Kizungu waliopita hapa karne ya 19, wakalala usiku mmoja kijijini wakaandika sura nzima, vingi vimeshapigwa picha, unavisoma bure. Vijitabu vya vyama vya ushirika, majarida ya shule, magazeti ya Kiswahili kuanzia Mambo Leo iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1923, taarifa za wilaya, hivyo kwa sehemu kubwa unavifuata kwenye rafu, tena rafu za huku. Sasa mtu akiweka sharti lake binafsi kwamba kisichobonyezeka si chanzo, maana yake historia ya Tanga itaandikwa na wapita njia. Wazee wetu nao ndio kabisa, maana mahojiano ambayo hayajachapishwa hayakubaliki. Hilo la wazee naliweza kulielewa, kwani usipoweka mpaka kila mtu ataleta babu yake. La kukataa karatasi siliwezi.

Nikahamia Wikipedia ya Kiswahili kupumzisha roho. Ipo tangu 2003. Huko hakuna aliyenitengua, hakuna aliyeniuliza kama nauza kitabu, na kwa muda nilijiona niko nyumbani. Halafu nikaanza kukosa amani kwa upande wa pili. Makala nyingi ni fupi mno, zina kile kisanduku chini kinachosema bado ni mbegu, je, unajua kitu, basi isaidie Wikipedia kuihariri. Unakuta mji mzima wenye bandari na karne za historia umepewa mistari mitatu. Na rejeo? Hamna. Nikiweka sahihi, kimya. Ningeweka uongo, sina hakika nani angeniuliza. Nikajikuta, aibu iliyoje, namkumbuka yule mkorofi wa Kiingereza. Walau yeye alisoma nilichoandika.

Huko ndiko wakutubi tunakohitajika hasa, na sisemi hivyo kwa kampeni. Maktaba moja ya wilaya yenye rafu moja ya vitabu vya eneo lake inaweza kuziotesha mbegu hizo mchana mmoja ambao wasomaji ni wachache.

Nilisema nina sababu ya kuogopa kuzuiwa. Ni Maktaba ya Wikipedia, na hapa nawasifia bila masharti. Ukishafikisha mahariri 500, akaunti yako ikawa na miezi sita, ukawa unaendelea kuhariri walau mara kumi ndani ya siku 30, na hujazuiwa popote, wanakufungulia bure hifadhi za majarida ya kitaaluma, JSTOR ikiwemo, na wachapishaji wakubwa kama Cambridge na Oxford. Ni haki ya mhariri mwenyewe na si ya taasisi, kwa hiyo usidhani utawagawia wasomaji nywila. Lakini kwa mkutubi ambaye bajeti ya majarida ofisini kwake ni hadithi, kuyasoma mwenyewe na kuyanukuu kwenye makala ambazo wasomaji wako watazikuta bure, si jambo dogo. Siku nilipofunguliwa niliita wenzangu wote waje waone kioo.

Na matumizi ya kawaida nayo yamenibadilikia. Wiki chache nyuma alikuja binti wa kidato cha tano, daftari kifuani.

"Shikamoo mama. Mwalimu kasema Wikipedia marufuku, tutafute vitabu."

"Marahaba. Mwalimu kasema usiinukuu, au usiifungue?"

Akatafakari. "Hakufafanua."

Nikamkalisha, nikafungua makala, nikaipitisha yote haraka mpaka chini kabisa kwenye marejeo. Nikamwambia anza hapa. Tukachagua vitabu vitatu, kimoja tunacho. Nikampeleka kwenye rafu akakitoa mwenyewe. Halafu nikamwonyesha historia ya ukurasa na ule uwanja wa majadiliano, aone watu wazima wanavyobishania sentensi moja wiki nzima. Alicheka sana. "Kumbe wanagombana hivi!" Ndiyo, mwanangu, wanagombana, na mimi nimo. Somo la kupima chanzo ambalo huwa nalihubiri kwa slaidi na watu wanasinzia, pale lilimwingia kwa robo saa.

Kwa hiyo niwaambie nini? Usiku ule nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiingie. Sasa nasema ingieni, ila msiingie kama wageni wanaoomba radhi. Fungua akaunti kwa jina lako binafsi, maana kule kwenye Kiingereza akaunti yenye jina la taasisi huzuiwa. Mkubwa wako akitaka iitwe kwa jina la maktaba, mwonyeshe kanuni. Kitabu chako cha karatasi kikikataliwa, usibembeleze, taja sera. Na wakikuomba nukuu, wape, ni haki yao.

Yule mhariri hajaniomba radhi mpaka leo. Nilidhani nimeshamsamehe, lakini juzi nimeliona jina lake kwenye ukurasa unaozungumzia korosho za kusini, amepachika "inahitaji chanzo" kwenye aya nzima, na damu ikanipanda upya. Halafu nikaisoma aya. Kasema kweli, haina chanzo. Ninacho mimi, rafu ya pili kutoka chini, mchwa wamekula pembe moja lakini kurasa ninazozitaka zimesalimika. Cha karatasi tena. Kesho nikishafunga kaunta nakiweka, na sera nimeshainakili kabisa.