Dorian Gray: tafuta nakala yenye sura 20

Kikundi cha wasomaji kinachotaka kitabu cha kubishania hakitajuta kuchukua The Picture of Dorian Gray cha Oscar Wilde. Ila kabla ya kulipa, fungua sura ya tatu. Riwaya hii ilitoka kwanza jaridani, Julai 1890, ikiwa na sura 13. Kitabu cha 1891 kina sura 20 na dibaji. Ukiokota nakala kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara Kampala, jalada halitakuambia umeshika ipi. Sura ya tatu ikianza na Lord Henry, rafiki wa Dorian mwenye maneno mengi, akienda kwa mjomba wake, hiyo ndiyo ya 1891. Ikianza na Dorian, kijana anayebeba jina la kitabu, ameketi kwenye kiti cha starehe akimngoja Lord Henry, ni ile fupi, irudishe.

Irudishe kwa sababu ya Gladys, Dachesi wa Monmouth, ambaye katika ile fupi hayumo. Lord Henry huongea kwa methali zilizopinduliwa: huchukua jambo ambalo kila mtu amelikubali, akaligeuza juu chini, na meza nzima ikacheka. Dorian huzimeza kama zilivyo. Basil, mchoraji, humwambia Lord Henry kwamba hasemi jema wala hatendi baya, anajitia tu. Gladys, katika sura ya 17, hufanya lililo bora zaidi: anamuuliza maswali mafupi. Sanaa? Ugonjwa. Mapenzi? Njozi. Basi wewe ni nani? Hapo Lord Henry anakwepa, eti kufafanua ni kuwekea mipaka. Anzeni mjadala kwa ukurasa huo, kisha mwulizeni maswali yenu.

Tazameni pia sentensi iliyotangulia kila msemo. Ule maarufu wa sura ya 4, kwamba siku hizi watu wanajua bei ya kila kitu na hawajui thamani ya chochote, unaingia kwa Kiswahili bila shida, maana bei na thamani tumezitenga siku zote. Lakini Lord Henry, aliyeusema, amechelewa nyumbani kwa kuwa amepatana bei ya kipande cha zari kuukuu kwa saa nyingi, mtaa wa Wardour, London! Yeyote aliyewahi kununua shati soko la Owino, Kampala, atamjibu papo hapo.

Msemo wa kishawishi, sura ya 2, hauhitaji hata hoja. Lord Henry anadai njia pekee ya kukiondoa ni kukikubali. Fuateni aliyesikia: Dorian anakubali kimoja baada ya kingine, na hadi sura ya 20 hakuna kilichoondoka.

Vikundi vingi hukwama sura ya 11, yenye vito, manukato na mapazia. Isomeni haraka, msiiruke. Kosa baya zaidi ni kunyofoa misemo na kuibandika WhatsApp kwa jina la Wilde, ilhali ni maneno ya mhusika, na riwaya yenyewe inamjibu. Mikutano miwili inatosha, sura 10 kila mmoja.

Dibaji isomwe mwisho, sambamba na sura ya 19. Dibaji inasema hakuna kitabu chenye maadili wala kisicho na maadili. Katika sura ya 19 Dorian anamlaumu Lord Henry kwa kumtilia sumu kwa kitabu, na kumtaka aahidi kutomwazima mtu mwingine kitabu hicho.