Tozo ya SDL: ukusanyaji safi, mgao unaoibania karakana

Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo wahasibu huiita SDL, hulipwa na mwajiri, nayo ni chanzo kikubwa cha fedha za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, Tanzania Bara. Kwa upande wa ukusanyaji tunaipa alama za juu. Hulipwa TRA (Mamlaka ya Mapato) pamoja na kodi ya mishahara, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na kwa kuwa ni asilimia ya malipo ya wafanyakazi, mishahara ikipanda nayo hupanda. Kenya walichagua shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi. Bei ya chuma ikipanda, hiyo 50 hubaki palepale.

Hesabu ni nyepesi. Kampuni ina watu 12, mishahara milioni 7.2, posho milioni 1.8. Jumla milioni 9, mara asilimia 3.5 (kiwango kilichoanza Julai 2023), unapata shilingi 315,000. Wanaokosea hupigia mishahara mitupu wakaandika 252,000, na pengo la 63,000 kila mwezi huja kudaiwa na riba juu yake. Vibarua nao wanahesabiwa. Kosa zito zaidi ni kumkata mfanyakazi: mzigo huu ni wa mwajiri peke yake. Kila Julai isome Sheria ya Fedha mpya kabla ya kulipa, maana kiwango kilikuwa asilimia 6 hadi 2013 na kimeshushwa mara kadhaa tangu hapo.

Inapovuja ni kwenye mgao. Kwa mgawanyo uliotumika miaka mingi, theluthi moja huenda ufundi stadi na theluthi mbili mikopo ya elimu ya juu. Katika zile 315,000, ufundi unabaki na 105,000. Mikopo inahitajika, lakini si haki ilelewe na fedha iliyokusanywa kwa jina la fundi. Darasa la uchomeleaji lisilo na rodi za milimita 2.5 na 3.2, vyuma vya mazoezi na umeme wa uhakika hugeuka somo la ubaoni, na fedha ikichelewa, vifaa hivyo ndivyo hukatwa kwanza.

Mwaka 2021 kizingiti cha mwajiri kuanza kulipa tozo kilipandishwa kutoka wafanyakazi 4 hadi 10. Biashara ndogo zilipumua, na zilistahili. Ila mwenye watu 10 akipunguza mmoja, tozo yote inafutika. Tungependa ianze na asilimia 1 kwa watu 10 hadi 15, na fungu la vifaa vya mazoezi litumwe chuoni kabla muhula haujafunguliwa.