Hati ya ATA: Tathmini ya Mpiga Picha Anayeishi Ugenini

Mpiga picha anayeishi nje ya nchi yake, kisha akaitwa kufanya kazi katika nchi ya tatu, huhofia meza ya forodha kuliko kazi yenyewe. Kamera mbili, lenzi nne na taa zikitandazwa mbele ya afisa, hakuna kinachoonyesha kwamba ni vitendea kazi na si bidhaa za kuuzwa. Nimevuka mipaka kwa hati ya ATA, yaani hati ya forodha ya kuingiza vifaa kwa muda bila ushuru, katika safari tano za kazi, na kwa maoni yangu ni huduma inayostahili gharama yake, ilimradi anayeichukua aelewe mapema mipaka yake.

Hati hii ilianzishwa kwa mkataba wa Brussels wa mwaka 1961, ukafuatiwa na ule wa Istanbul wa mwaka 1990. Hutolewa na chemba za biashara zilizoidhinishwa, nayo huruhusu vifaa vya kitaalamu kuingia kwa muda katika nchi zinazoitambua bila kulipiwa ushuru, kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Ndani yake mna kurasa za njano za kutoka na kurudi katika nchi iliyoitoa, nyeupe za kuingia na kutoka katika nchi unazozuru, na za buluu kwa mizigo inayopita tu njiani. Afisa hugonga muhuri, huchukua kipande chake, na kukuachia kishina ambacho ni ushahidi wako.

Uzito wote wa hati umo katika orodha ya vifaa, na hapo ndipo naomba wenzangu wawe makini kupita kiasi. Kila kifaa huandikwa kwa jina, namba yake ya mfululizo, uzito, thamani na nchi kilikotengenezwa, na hati ikishatolewa huwezi kuongeza hata kifuniko cha lenzi. Katika safari yangu ya pili afisa aliigeuza flashi yangu, akasogeza tochi karibu na herufi ndogo zilizochapwa chini yake, akasoma tarakimu moja baada ya nyingine, kisha akanyamaza: penye 8 mimi nilikuwa nimeandika 3. Flashi ilibaki forodhani mpaka siku ya kuondoka, nami nikapiga picha za ukumbi mzima kwa mwanga wa madirisha. Tangu hapo sinakili namba kutoka kwenye boksi wala risiti. Naipiga picha namba yenyewe kwenye kifaa, naikuza kwenye kioo cha kompyuta, ndipo naiandika.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni dhamana. Zaidi ya ada ya kutolewa hati, chemba hutaka fedha au bima ya kufidia ushuru endapo vifaa havitarudi, na kwa mgeni ambaye hajajenga historia na benki za nchi anamoishi, kuipata huchukua muda kuliko anavyotarajia. Isitoshe, lenzi ikiibwa safarini, kwa forodha inaweza kuhesabiwa kuwa haikutoka nchini, na ushuru wake ukadaiwa kwako, kwa hiyo ripoti ya polisi ni lazima iandikwe siku hiyohiyo.

Vitu vinavyotumika vikaisha, kama karatasi za kuchapia, havimo katika hati hii. Vilevile ATA hufungulia kamera mlango, haimfungulii mwenye kamera: kibali cha kufanya kazi ni shauri jingine kabisa, na nimemwona mwenzangu akiwa na orodha safi ya vifaa huku yeye mwenyewe akizuiwa kuingia. Anayehama moja kwa moja asiichukue kamwe, kwa sababu inamfunga kurudisha vifaa katika nchi iliyoitoa. Atumie utaratibu wa mizigo ya wanaohama.

Kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka na kamera moja begani, sioni haja yake. Kwa anayebeba masanduku na kuvuka mipaka kadhaa kwa msimu mmoja, sijaona kinachoifikia. Nikirudi, kabla sijapanga lenzi kabatini, napeleka hati chemba wakague kila muhuri na kuniachilia dhamana yangu.